Mafuta ya Thumni

Thumni kwa asili yake ya Kiarabu ni sehemu moja katika nane, na mama yeyote aliyewahi kuhudhuria kikao cha mirathi analijua neno hilo: mjane ambaye marehemu mumewe ameacha watoto, fungu lake ni thumni. Lakini mitaani kwetu, kwa miaka mingi, thumni ilikuwa sarafu. Ilianza kuwa thumni ya riale, kisha ikawa nusu shilingi, yaani senti 50, na jina likabaki hata baada ya riale yenyewe kusahaulika. Chini yake zilikuwako senti 10, na chini zaidi ndururu, senti 5. Sarafu hizi zilikuwa na kazi. Mtoto aliyetumwa dukani kabla ya magharibi alipewa chupa tupu ya soda na thumni mkononi. Mwenye duka akachota mafuta ya taa kutoka katika debe, akayamimina kwa faneli, akaiziba chupa kwa gunzi la muhindi, na kandili ikawaka usiku huo na usiku uliofuata.

Wasomaji wetu wa umri mkubwa wanapokutana, hasa kwenye hitima na harusi ambako watu hupata nafasi ya kukaa, mazungumzo ya bei hayakawii kuzuka. Kila mmoja ana bei yake aikumbukayo. Huyu ataja debe la mafuta ya taa, yule ataja nauli ya kutoka Kongowea hadi Mwembe Tayari, na mwingine kipande cha nguru. Aghalabu hubishana, maana kila mmoja akumbuka mwaka wake. Ambalo halitajwi sana ni mshahara. Kibarua wa bandarini wa zama hizo alihesabu malipo yake ya mwezi kwa mamia ya shilingi, si kwa maelfu, na wapo waliohesabu kwa makumi. Thumni ilikuwa na thamani kwa sababu ilikuwa adimu. Kumbukumbu zetu zina tabia ya kuihifadhi bei na kuutupa mshahara, na ndiyo maana zamani kila kitu chaonekana kilikuwa rahisi.

Hata hivyo, wazee hawatii chumvi wanaposema kwamba mafuta yalikuwa rahisi. Hebu tupige hesabu. Kabla ya mwezi wa Oktoba 1973, pipa la mafuta ghafi, ambalo ni lita 159, liliuzwa katika Ghuba kwa takribani dola 3. Dola moja wakati huo ilikuwa kama shilingi 7 na senti. Ukigawanya utaona kwamba lita moja ya mafuta ghafi ilikuwa na thamani ya kama senti 13 za Kenya. Hayo ni mafuta yasiyosafishwa bado wala kusafirishwa wala kutozwa ushuru, lakini ndio mwanzo wa bei. Senti 13! Ndururu mbili na baki. Sasa chukua Oktoba 2023, miaka hamsini kamili baadaye: pipa liko karibu na dola 90, na dola yenyewe ni kama shilingi 150. Lita ile ile ya mafuta ghafi imekuwa zaidi ya shilingi 80. Imepanda zaidi ya mara 600.

Hapa ndipo panapohitaji kutazamwa kwa makini, kwa sababu kupanda huko hakukutokana na jambo moja. Mafuta yenyewe, kwa dola, yalipanda kama mara 30. Shilingi yetu, mbele ya dola, ilishuka kama mara 21. Zidisha hizo mbili ndipo upate ile mia sita na ushei. Na dola nayo si mti wa mbuyu usiotikisika. Huko kwao Marekani, kitu kilichonunuliwa kwa dola moja mwaka 1973 kilihitaji karibu dola 7 mwaka 2023. Kwa hiyo ukiondoa kupungua kwa thamani ya fedha zote mbili, mafuta kama mafuta yamepanda takribani mara nne tu. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita bei ya mafuta kupanda ni fedha iliyo mkononi mwetu kuyeyuka. Mama anaposema kwamba mafuta yamekuwa ghali, mara nyingi angeweza kusema vile vile kwamba shilingi imekuwa nyepesi.

Mabadiliko ya kwanza makubwa yalikuja katika mwezi wa Ramadhani. Tarehe 6 Oktoba 1973, sawa na 10 Ramadhani 1393, Misri na Syria ziliingia vitani na Israeli, na siku chache baadaye nchi za Kiarabu zenye mafuta zikakata mauzo kwa Marekani na washirika wake na kupunguza uchimbaji. Kufikia Januari 1974 pipa lililokuwa dola 3 lilikuwa zaidi ya dola 11. Misikitini kwetu watu walizisikiliza habari zile kwa fahari, kwamba Waarabu wamepata silaha ya kusikizwa. Kisha fahari hiyo ikaja kulipiwa dukani. Kenya haikuwa na ugomvi na mwenye mafuta, lakini haikupewa bei ya peke yake. Ile lita ya mafuta ghafi ya senti 13 ikawa zaidi ya senti 50 katika muda wa miezi mitatu. Thumni nzima, na hapo bado hayajafika hata Changamwe.

Mwaka huo huo wa 1973 lilitokea jambo jingine ambalo wengi wetu hatulihusishi na mafuta. Rais Jomo Kenyatta aliruhusu magari madogo ya abiria yafanye kazi bila ya leseni maalumu za uchukuzi. Magari hayo yalikuwa yakiitwa matatu, na asili ya jina, kama inavyosimuliwa, ni nauli yake: sarafu tatu za senti 10, senti 30 kwa safari. Nauli hiyo imekufa zamani, sarafu zenyewe hazionekani, lakini jina lipo. Kila asubuhi mamilioni ya watu hupanda chombo kinachoitwa kwa bei yake ya zamani na kulipa zaidi ya mara mia ya hiyo. Hatujui chombo kingine duniani kinachotembea na kumbukumbu ya nauli mgongoni namna hii.

Mwaka 1979 yakaja mapinduzi ya Iran na bei ikapanda tena, hata pipa likavuka dola 30. Lakini kwa kizazi chetu, sisi tulioanza kushika mifuko ya nyumba zetu wenyewe katika miaka ya tisini, jeraha la kukumbukwa ni la 1993. Baada ya uchaguzi wa Desemba 1992, fedha zilikuwa zimemwagwa nchini bila ya bidhaa kuongezeka. Wastani wa dola uliokuwa shilingi 32 mwaka 1992 ukawa shilingi 58 mwaka uliofuata, na mfumuko wa bei kwa mwaka ule wa 1993 ukafika takribani asilimia 46. Maana yake kwa lugha ya jikoni ni kwamba kikapu cha shilingi 100 kilihitaji shilingi 146 mwaka mmoja baadaye, ilhali mshahara wa mwalimu wa chekechea ama wa karani ulisimama pale pale. Hapo ndipo wengi walipoacha kununua mafuta ya taa kwa debe wakaanza kununua kwa chupa, na walioanza kununua kwa chupa wakaenda kwenye nusu chupa. Oktoba 1994 serikali ikaacha kabisa kupanga bei ya mafuta, na kila kituo kikawa na bei yake.

Uhuru huo wa soko haukupendwa na wengi. Bei ya pipa ilipopanda ulimwenguni, ya kituoni ilipanda usiku ule ule. Iliposhuka ulimwenguni, ya kituoni ilikuwa na uzito wa miguu. Mwezi Julai 2008 pipa lilifika dola 147, kisha likaporomoka kabla mwaka haujaisha, na wanunuzi wetu hawakuona mporomoko wenyewe bali walisikia tu habari zake. Ndipo Desemba 2010 ukaanza utaratibu tulio nao hata leo: kila tarehe 14 ya mwezi, mamlaka ya kudhibiti kawi hutangaza bei ya juu kabisa ya petroli, dizeli na mafuta ya taa kwa kila mji, nayo huanza kutumika usiku huo wa manane. Imekuwa kama mwandamo wa mwezi. Watu hungoja, hupigiana simu, na wenye magari hukimbilia vituoni saa nne za usiku.

Suala la kupanga bei halikuanza na mamlaka hiyo. Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik, katika vitabu vya Abu Daud na Tirmidhi, kwamba bei zilipanda Madina na watu wakamwomba Mtume (s.a.w.) awapangie. Naye hakukubali, alieleza kwamba bei ziko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na kwamba yeye anatarajia kukutana na Mola wake pasiwe na mtu anayemdai dhulma ya damu wala ya mali. Wanavyuoni waliokuja baadaye hawakuichukulia hadithi hiyo kuwa imefunga mlango moja kwa moja. Ibn Taymiyya aliona kwamba upo wakati wa mtawala kuingilia, nao ni pale bei inapopanda kwa hila za wauzaji na kuficha bidhaa, si kwa uchache wa bidhaa au wingi wa watu. Tofauti hiyo ni ya maana sana kwetu. Aprili 2022 vituo vingi nchini vilikauka, foleni zikazunguka mitaa, serikali ikawalaumu wauzaji kwa kuficha mafuta na wauzaji wakailaumu serikali kwa kuchelewesha fedha za ruzuku ilizoahidi. Dhulma ya nani hapo? Mwenye bodaboda aliyelala foleni hakupata wa kumuuliza.

Sasa tufike katika miaka mitatu ambayo hata vijana wetu waikumbuka. Aprili 2020, ulimwengu ukiwa umefungiwa ndani kwa sababu ya korona, mafuta yalikosa mnunuzi hata siku ya tarehe 20 bei ya mkataba mmoja wa mafuta kule Marekani ikashuka chini ya sufuri. Muuzaji alikuwa tayari kumlipa mtu ayachukue. Huku kwetu, bei iliyotangazwa katikati ya Mei ilikuwa shilingi 83 na senti 33 kwa lita ya petroli jijini Nairobi, na Mombasa pungufu kidogo ya hapo. Lakini mkumbuke Mei ile. Tarehe 6 Mji wa Kale wa Mombasa ulikuwa umewekewa vizuizi, hakuna kuingia wala kutoka, na kizuizi hicho kikapita Ramadhani yote iliyobaki na Idi yake. Petroli ilikuwa rahisi kuliko ilivyokuwa kwa miaka, na mtu wa Kibokoni hakuweza kwenda kumpa mkono wa Idi mamake aliyeko Majengo. Bei rahisi ilikuja wakati hakuna pa kwenda. Mwezi uliofuata mafuta ya taa nayo yakashuka hadi shilingi 62 na senti 46.

Miaka mitatu na miezi minne baadaye, katikati ya Oktoba 2023, tangazo lilisema hivi kwa Nairobi: petroli shilingi 217.36, dizeli shilingi 205.47, mafuta ya taa shilingi 205.06. Kwa noti moja ya shilingi 1,000, mama aliyepata lita 16 za mafuta ya taa mwezi wa Juni 2020 sasa alipata pungufu ya lita 5. Noti ni ile ile, na picha iliyo juu yake ni ile ile.

Kilichotokea katikati kina sehemu kadhaa, na si zote zilitoka ng'ambo. Vita vya Ukraine vilipandisha bei ya ulimwengu mwaka 2022. Ruzuku iliyokuwa ikiishikilia bei ya petroli ikaondolewa Septemba mwaka huo, na bei ikaruka kutoka shilingi 159.12 hadi 179.30 kwa usiku mmoja. Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ikaongezwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Shilingi nayo ikaendelea kuporomoka, hata mwanzoni mwa 2024 dola ikafika kama shilingi 160 kabla ya kurudi karibu na 130. Juu ya yote hayo kuna ushuru wa bidhaa, tozo ya matengenezo ya barabara, tozo ya ustawi wa petroli na ya reli. Ukijumlisha, zaidi ya theluthi ya kile mwenye gari anacholipa kituoni si mafuta bali ni serikali.

Lakini tozo ituumayo zaidi ni ya mafuta ya taa. Mwaka 2018 ilianzishwa tozo ya shilingi 18 kwa kila lita. Sababu yake ilielezwa wazi: mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko dizeli, kwa hivyo wafanyabiashara wasio na haya walikuwa wakiyachanganya na dizeli, wakaharibu mashini za watu na kuikosesha serikali mapato. Dawa iliyochaguliwa ni kuyafanya mafuta ya taa yasiwe rahisi. Uchanganyaji ukapungua, hilo twakubali. Ila aliyelipa gharama ya dawa hakuwa mgonjwa. Alikuwa mama aliyekuwa akipikia stovu katika chumba kimoja cha Bangladesh ama Maweni, ambaye hajawahi kumiliki lori wala kisima cha mafuta, na ambaye hakuwa na njia ya kumkabidhi mtu mwingine zile shilingi 18. Yeye alirudi kwenye makaa. Wengine walirudi kwenye makumbi ya nazi na vifuu, na kule visiwani Lamu kwenye kuni za mikoko. Twaambiwa gesi ndiyo njia safi, na kweli ndiyo, na kodi yake imeondolewa tangu 2023. Lakini gesi hununuliwa kwa mtungi na mafuta ya taa yalinunuliwa kwa chupa. Mwenye shilingi 50 mfukoni hawezi kununua nusu ya nusu ya mtungi. Wauzaji wanaopima gesi kidogo kidogo wameanza kuonekana mitaani, nao wamelijua shida hili mapema kuliko wakubwa.

Sisi wa pwani tunayo ajabu yetu. Meli za mafuta hutia nanga mlangoni petu. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kilianza kazi mwaka 1963, mwaka wa uhuru, na kwa miaka hamsini watoto wa Chaani na Mikindani walilala wakiuona moto wake ukiwaka juu ya bomba. Mwaka 1978 bomba la kwenda Nairobi likaanza kupitisha mafuta. Mwaka 2013 kiwanda kikaacha kusafisha, kwa kuwa mitambo yake ilizeeka na mafuta yaliyosafishwa nje yakawa nafuu kuliko yake, na tangu hapo kimekuwa ghala. Na baada ya ujirani wote huo, tofauti ya bei kati ya Mombasa na Nairobi ni kama shilingi 3 kwa lita. Ukienda Lamu hata hiyo hutaikuta, maana mafuta hutoka Mombasa kwa barabara hadi Mokowe, kisha hupakiwa chomboni kuvushwa kisiwani, na kila mkono unaoyagusa huongeza chake.

Ni huko baharini ndiko bei ya petroli inakoingia katika sahani bila ya kubisha hodi. Mvuvi wa zamani aliyetweka tanga alimlipa upepo kwa subira. Wa leo, mwenye mashini nyuma ya mashua, hulipa kabla hajaona samaki hata mmoja. Lita kadhaa za kwenda, lita kadhaa za kurudi, na bahari haina ahadi. Akirudi na kikapu nusu, bei ya kikapu hicho lazima ibebe mafuta ya kikapu kizima. Mchuuzi huyachukua, mwenye barafu hulipwa, bodaboda hulipwa, na mwisho ni mama karanga mwenye karai lake kando ya njia, anayepikia mafuta yaliyopanda, juu ya makaa yaliyopanda, samaki waliopanda. Yeye ndiye anayekutana na mnunuzi uso kwa uso. Hawezi kumwambia mtoto wa jirani kwamba kipande cha jana kimeongezeka kwa sababu ya dola. Hufanya wafanyavyo wachuuzi wote wenye huruma: hukipunguza kipande. Andazi nalo limepungua, sambusa imekuwa nyembamba, na mkate wa mofa wamwacha mtu na njaa kidogo kuliko zamani. Bei imesimama, chakula ndicho kilichotembea.

Haingekuwa haki kuyasema haya bila ya kutaja upande wa pili wa bahari. Mafuta yale yale yaliyotuumiza tangu 1974 yamezijenga Dubai, Doha na Maskati, na huko wamekwenda watu wetu: kwanza waume, madereva na makarani wa bandari, kisha katika miaka ya karibuni mabinti zetu wanaokwenda kufanya kazi za majumbani. Nyumba ngapi za mawe zimepandishwa huku kwa fedha za huko? Bei ya pipa inapokuwa juu, kazi zipo na fedha hutumwa. Inaposhuka, miradi husimama na watu hurudishwa. Kuna familia ambazo kitumbua cha asubuhi kinakuwa ghali na karo ya skuli inalipwa kwa sababu moja. Hata mpango wa serikali wa 2023 wa kununua mafuta kwa mkopo ulifanywa na kampuni tatu za huko huko, za Saudi Arabia na Falme za Kiarabu, tukapewa siku 180 za kulipa ili tusiitafute dola kwa pupa.

Tumeyapitia haya yote kwa sababu kuna jambo moja ndani yake ambalo lawagusa wanawake wa Kiislamu moja kwa moja, na halizungumzwi kama inavyopasa. Ni ile mahari iliyoakhirishwa.

Wengi wa mama zetu waliolewa kwa mahari iliyogawanywa: kiasi kikatolewa siku ya nikaha na kiasi kikaandikwa kuwa deni, lilipwe baadaye, ama kwa talaka, ama kwa kifo. Deni hilo liliandikwa kwa shilingi. Shilingi 1,000 mwanzoni mwa miaka ya sabini ilikuwa kitu kizito. Kwa bei rasmi ya dhahabu iliyokuwa ikitumika ulimwenguni hadi 1971, dola 35 kwa wakia, shilingi 1,000 ilikuwa na thamani ya kama wakia nne za dhahabu. Mwanamke huyo akifiwa na mumewe leo, na cheti chake cha ndoa kikafunguliwa, deni lake litasomwa kuwa ni lile lile: shilingi 1,000. Hazitoshi kununua lita 8 za petroli kwa bei za miaka hii. Alipoolewa, kijana aliyekuwa akimtaka alilazimika kuweka akiba miaka kadhaa ili apate kiasi hicho. Alipofiwa, kilimnunulia kilo chache za mchele. Hakuna mtu aliyemwibia. Alisubiri tu, na kusubiri kukamgharimu.

Kwa upande wa sharia, suala hili si jepesi. Riba ni haramu, na mlango wa kusema lipa zaidi kwa sababu muda umepita ni mlango wa hatari. Ndiyo maana Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha Kuwait mwezi wa Desemba 1988, lilisema kwamba deni la fedha hulipwa kwa mfano wake, si kwa thamani yake, hata kama bei zimebadilika. Lakini kumekuwako na rai nyingine tangu zamani. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, aliona kuhusu sarafu za shaba kwamba thamani yake ikibadilika, kinachodaiwa ni thamani ya siku ya mapatano. Na huko Iran, mwaka 1997, bunge lilipitisha sheria kwamba mahari iliyotajwa kwa fedha ihesabiwe upya kulingana na kupanda kwa bei tangu siku ya ndoa, isipokuwa kama wawili wenyewe walipatana vingine. Wao ni wa madhehebu mengine na hatudai kwamba tuwaige. Twataja kwa kuwa ni nchi ya Kiislamu iliyolitazama shida hili na kulitolea sheria.

Yapo mambo ambayo hayana khitilafu. Mahari yaweza kutajwa kwa dhahabu tangu mwanzo, kwa uzito unaojulikana, na hapo hakuna wa kubishana na shilingi. Mama zetu wa zamani sana, waliolewa kwa vikuku na mikufu kabla fedha za karatasi hazijazoeleka, walilijua hili pasi na kusoma uchumi. Pia si lazima mahari iakhirishwe. Mume aliye na uwezo wa kulipa leo na akangoja miaka thelathini huwa amelipa kitu kingine kabisa. Na kwa wale ambao vyeti vyao vimekwisha kuandikwa, hakuna kinachomzuia mume mwenye imani kumpa mkewe zaidi ya alichoandika, kwa hiari yake na bila ya sharti, maana deni kulipwa kwa wema ni sunna. Kuna watoto waliowafanyia mama zao hivyo kabla ya kugawanya mirathi, wakakubaliana wote kwa roho safi kwamba shilingi za cheti si shilingi walizozipata baba na mama siku ile.

Kwa mkopo wa kawaida wa ndugu kwa ndugu, hali ni hiyo hiyo kwa kimo kidogo. Tuseme dada alimkopesha kaka yake shilingi 10,000 mwezi wa Juni 2020 ili afungue tena kibanda chake baada ya korona, naye akazirudisha Oktoba 2023. Alimpa fedha za lita 160 za mafuta ya taa; alirudishiwa za lita 48. Kaka hakukosa, amelipa senti kwa senti. Je, yule dada akiombwa tena mkopo, atasemaje? Vyama vyetu vya akina mama vya kupeana kwa zamu vina shida iyo hiyo, kwani wa kwanza kupokea na wa mwisho hawapokei kitu kimoja, ingawa bahasha ni sawa. Vipo vyama ambavyo vimeacha kupeana fedha vikapeana vitu: mitungi ya gesi, magunia ya mchele, sufuria. Wanachama wake huchekwa kwamba wamerudi zama za kubadilishana bidhaa.

Tungependa kulifuatilia jambo la mahari katika matoleo yajayo. Mashekhe wetu na makadhi wanaolishughulikia kila siku wanalijua kuliko sisi, na nafasi katika ukurasa huu ni yao watakapopenda kuandika. Kadhalika mama mwenye cheti cha ndoa cha miaka ya sitini au sabini, akiridhika, na atuandikie kilichotajwa humo, bila ya majina, na kitu gani kingenunuliwa kwa kiasi hicho mwaka ule alioolewa.